Kuizunguka dunia kwa trimarani: watu sita au peke yako?
Januari 2017, Francis Joyon na wenzake watano walimaliza kuizunguka dunia kwa trimarani IDEC Sport, chombo cha tanga chenye miili mitatu iliyounganishwa, urefu mita 31.5, kwa siku 40 na saa 23. Desemba mwaka huohuo François Gabart, peke yake ndani ya Macif ya mita 30, akatumia siku 42 na saa 16. Tofauti haifiki hata siku mbili!

Watu sita hupokezana zamu: huyu kashika usukani, yule kalala fofofo. Aliye peke yake huiachia mashine usukani, akasinzia vipande vya dakika chache, kamba ya tanga karibu na mkono. Dhoruba ikimkuta usingizini chombo huweza kupinduka, na trimarani ikishapinduka haijiinui. Kubadili tanga nako ni jasho tupu. Mimi namvulia kofia Gabart.