Unanunua kitabu cha programu za kifunksheni? Tafuta gridi kwanza

Nilinunua kitabu kinene, cha jalada gumu, cha programu za kifunksheni, yaani mtindo wa kujenga programu kwa kuunganisha funksheni. Sura ya kwanza orodha, ya tano orodha, ya mwisho orodha. Nikajiona nimeiva. Kisha ikaja kazi ya gridi ya 1,000 kwa 1,000, nikaiandika kama nilivyofundishwa: orodha ya orodha. Sasa, orodha hairuki hadi kisanduku cha 700. Inatembea tangu mwanzo, kimoja kimoja. Kwa wastani ni hatua 500 kushuka na 500 kwenda kulia, mara visanduku milioni moja: hatua bilioni moja kwa kupita mara moja tu. Na hapo sijawagusa majirani wanane wa kila kisanduku.

Basi msiniulize ubora wa karatasi wala wingi wa mazoezi. Mimi natazama jambo moja: je, kitabu kinavuka orodha kikafika kwenye arei za pande mbili, yaani majedwali ambayo kila kisanduku hufikiwa moja kwa moja kwa namba ya mstari na ya safu wima?

Nafasi ya kwanza ni vitabu vya OCaml, mojawapo ya lugha za kifunksheni, na upendeleo wangu siufichi. Lugha yenyewe inakupa `for` (lupu, yaani kurudia hatua) ya kawaida unapoihitaji, pamoja na `Array.mapi`, inayopitia kila kisanduku ikijua namba yake, na `Array.fold_left`, inayokusanya vyote kuwa jibu moja. Ila pana mtego ninaoutumia kumpima mwandishi. Ukiandika `Array.make 3 (Array.make 3 0)`, hujapata mistari mitatu; umepata mstari mmoja unaoonekana mara tatu. Badilisha kisanduku kimoja cha juu, na vilivyo chini yake vyote vimebadilika. Nilikesha na kosa hilo. Dawa ni `Array.make_matrix`, au `Array.init`, ambayo inaweza kuunda mstari mpya kila mara. Mwandishi asiyelitaja hili, kitabu chake kirudi rafuni.

Ya pili ni lugha ya F#. Ina moduli nzima ya `Array2D`, na `Array2D.mapi` inakukabidhi namba ya mstari, namba ya safu wima na thamani yenyewe. Kwa haki ingeweza kuwa ya kwanza. Lakini mwongozo ni wangu.

Lugha ya Haskell ni ya tatu. Arei zake zinakubali jozi kama (2,5) iwe anwani ya kisanduku, raha tupu. Balaa ni alama ya `//`, ya kubadilisha visanduku: kila ukiitumia, hata kwa kisanduku kimoja, arei nzima inanakiliwa. Itie kwenye lupu ya visanduku milioni moja, umenakili visanduku trilioni. Nunua kinachofika hadi `STUArray`, arei inayobadilishwa papo hapo bila kunakiliwa.

Vya bei ya chini? Nilivyovifungua ni orodha tupu. Tuendelee.

Wauzaji nao! Wanakuonjesha dibaji na sura ya kwanza, ilhali ninachotaka ni ukurasa mmoja wa faharasa, nione kama arei zimo. Kozi moja ya video ilikuwa na punguzo "linaloisha usiku wa leo". Liliisha kila usiku kwa wiki tatu. Na "toleo jipya" nililonunua juzi lilikuwa na jalada jipya na mfano uleule wa gridi ya visanduku tisa, kwa orodha. Tisa! Kwa visanduku tisa hata orodha ya orodha inakimbia, ndiyo maana mwandishi hajawahi kuliona tatizo.