Tathmini ya USAspending.gov: hodari kwa mikataba, ya kuangaliwa kwa mafao

Ukiuliza fedha za Serikali ya shirikisho ya Marekani zinakwenda wapi, karibu kila mtu atakuelekeza USAspending.gov. Ni tovuti ya Hazina ya Marekani, haina malipo wala haidai usajili. Ilitokana na sheria ya uwazi ya mwaka 2006, iliyosimamiwa Bungeni na maseneta Tom Coburn na Barack Obama. Sheria ya pili, ya mwaka 2014, ndiyo iliyozilazimisha wizara kuwasilisha hesabu kwa mpangilio mmoja. Kwa mikataba na ruzuku ni chombo kizuri sana. Kwa mafao ya Social Security (pensheni ya taifa), Medicare (bima ya afya ya wazee) na Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), ambako ndiko kwenye fedha nyingi, inampotosha haraka asiyejua namna namba zake zinavyopangwa.

Tuanze na inachokiweza. Tuseme unatafuta fedha za Marekani zilizotumika Kenya. Chagua kwanza mwaka wa fedha, ukikumbuka kwamba mwaka 2024 wa kwao ulianza tarehe 1 Oktoba 2023 na kufungwa 30 Septemba 2024. Kisha kuna vichujio viwili vya mahali, na hapa ndipo wengi hupotea. "Recipient Location" ni anwani ya anayepokea fedha. "Place of Performance" ni mahali kazi inapofanyika. Ukitumia cha kwanza, mradi wa ukimwi unaoendeshwa Kisumu na shirika lenye makao Washington hutauona kabisa. Tumia cha pili. Hata hivyo usiichukulie jumla utakayopata kuwa ndiyo yote, kwa sababu kila mkataba au ruzuku husajiliwa mahali pamoja pakuu tu, hata kama kazi inagusa nchi tano.

Ongeza namba ya programu, yaani namba inayotambulisha kila mpango wa misaada wa serikali, ili kupunguza takataka: 98.001 ni misaada iliyopitia USAID, 93.067 ni kazi za CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa, dhidi ya ukimwi nje ya Marekani. Malipo ya wapokeaji wadogo yana kichupo chake. Usiyajumlishe na ya mpokeaji mkuu. Ni fedha zilezile zikipita mkono wa pili. Isitoshe, taarifa hizo hutolewa na mpokeaji mkuu mwenyewe, kwa malipo yanayofikia kiwango fulani tu, na mapengo ni mengi.

Ukifungua mkataba mmoja utakuta viwango vinne vya fedha: kilicholipwa, kile ambacho serikali imejifunga kisheria kukilipa (ahadi), thamani ya sasa ya mkataba, na kikomo kinachoweza kufikiwa iwapo nyongeza zote zitatumika. Kikomo ndicho kinene na ndicho kinachopendwa na vichwa vya habari. Mwaka 2025, DOGE, kitengo cha serikali ya Trump cha kupunguza matumizi, ilipochapisha orodha ya mikataba iliyosema imefuta, ilikosolewa kwa kuhesabu vikomo kana kwamba ni fedha taslimu zilizookolewa. Orodha hiyo hiyo iliweka mkataba mmoja wa idara ya uhamiaji, ICE, kwenye dola bilioni 8 wakati ulikuwa wa milioni 8. Kosa la namna hiyo utalibaini kwa dakika chache ukisoma viwango vyote vinne pamoja na historia ya miamala iliyo chini ya ukurasa. Ukiona namba yenye alama ya kutoa, usidhani mfumo umeharibika: ni ahadi iliyorudishwa, na kwenye miradi ya USAID iliyokatwa mwaka huo ni jambo la kawaida. Mikataba ya Wizara ya Ulinzi nayo hucheleweshwa siku 90 kwa makusudi, kwa hiyo robo ya mwisho ya mwaka usiilinganishe mapema.

Sasa mafao. Mwaka wa fedha 2024 serikali ilitumia takriban dola trilioni 6.75. Social Security peke yake ilichukua trilioni 1.46, na Medicare bilioni 874, sawa na ulinzi. Tafuta mafao ya wastaafu kwa namba 96.002 na jina la mpokeaji litasomeka "MULTIPLE RECIPIENTS", malipo yakiwa yamekusanywa kwa maeneo ili kulinda siri za watu. Hilo ni sawa, na ramani ya kaunti inayotokana nalo inafaa.

Tatizo liko kwenye jumla. Ukurasa wa kuchambua matumizi kwa sekta hutoa jumla inayoipita sana hiyo trilioni 6.75, kwa kuwa unahesabu ahadi ghafi, kabla ya kutoa mapato na uhamisho wa ndani. Angalia Medicare: fedha hutoka mfuko mkuu kupitia kasma 075-0580, zikaingia mfuko wa bima 075-8004, kisha zikalipwa hospitali na madaktari. Dola ileile inaonekana ikitoka mara mbili. Halafu kuna michango ya wazee wenyewe, dola 174.70 kwa mwezi kwa wengi wao mwaka 2024, ambayo Hazina huitoa ndipo ifike kwenye bilioni 874. Bila kuitoa, gharama inavuka trilioni 1. Anayekupa gharama ya Medicare muulize kwanza ni ipi.

Medicaid, namba 93.778, inaonyesha ruzuku kwa majimbo tu. Sehemu inayolipwa na jimbo lenyewe haimo, wala hospitali iliyopokea haionekani.

Kwa hiyo kwa mafao fungua tovuti dada, fiscaldata.treasury.gov, na taarifa ya Hazina ya kila mwezi. Jedwali la 9 linagawa matumizi kwa sekta, la 5 kwa wizara. Hutoka siku ya nane ya kazi, saa nane mchana Washington, yaani saa tatu au saa nne usiku Nairobi na Dar es Salaam kutegemea majira yao. Mtego wake ni tarehe: tarehe 1 ikiangukia wikiendi, malipo ya SSI (msaada kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), ya maveterani na ya mipango binafsi ya Medicare husogezwa mwezi uliotangulia. Tarehe 1 Oktoba 2023 ilikuwa Jumapili, na mwaka wa fedha 2024 ukabaki na malipo 11 ya aina hiyo badala ya 12. Wapo watakaoliita hilo kubana matumizi.

Kuhusu kupakua: faili za CSV zina kikomo cha mistari 500,000 kwa utafutaji mmoja, hivyo gawa kwa mwaka au kwa wizara. Usizifungue Excel kwa kubofya mara mbili. Itaigeuza 93.770, programu ya dawa ya Medicare, kuwa 93.77, na msimbo wa kaunti unaoanza na sifuri utaipoteza sifuri hiyo. Ingiza faili kupitia menyu ya data, na safu za misimbo uziweke kuwa maandishi kabla ya kukubali.