Karaoke ya Nagoya na ile orodha yao ya nyimbo "rahisi kwa wasichana"

Ugomvi wangu ni na orodha moja tu, iliyomo ndani ya kishikwambi cha kuchagulia nyimbo kwenye ukumbi mmoja wa karaoke hapa Nagoya, pamoja na kijana wa kaunta aliyeitetea. Mengine ya pale nayapenda. Vyumba visafi, mlango ukishafungwa hakuna anayekusikia ila uliokwenda nao, vinywaji unajichotea mwenyewe, matari na manyanga wanakupa. Kwa mtu anayeishi Japani, masomo asubuhi na kibarua jioni, chumba cha karaoke ni mahali pa kutolea pumzi. Siku nyingine yoyote ningewapa nyota nne bila kufikiri.

Tulikwenda majira ya baridi, wasichana watupu wa darasa la lugha, Wajapani wawili wakiwa wenyeji wetu. Nilimchukua binti mmoja wa Morogoro, alikuwa mgeni kabisa, ananiita dada na mimi namwita mdogo wangu. Huyu binti anaimba. Kwao kwenye kwaya ya kanisa alikuwa ndiye anayeshika sauti ya pili, ile sauti nene ya wanawake inayobeba wimbo kwa chini. Kusoma hakukumsumbua, maana kwenye skrini zile herufi za Kichina zinaandikwa juu yake hiragana ndogo, zile herufi za Kijapani zinazosomwa silabi kwa silabi, na hizo alishazimaliza. Kutamka nako si mzigo kwetu: Kijapani kina a, e, i, o, u kama sisi, na silabi zake karibu zote zinaishia kwenye irabu. Kilichobaki ni wimbo wenyewe tu.

Basi akafungua ile orodha: nyimbo rahisi kwa wasichana. Akaiamini, na kwa nini asiiamini, si imewekwa na wenye mashine? Karibu na juu kabisa kulikuwa na "Yoru ni Kakeru" wa kundi la YOASOBI.

Jamani! Huo wimbo unajulikana, ndiyo. Ulitoka mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020 ukawa wa kwanza kwenye chati ya mwaka ya Billboard Japan. Kila duka uliloingia ulikuwa unapigwa. Lakini kujulikana na urahisi vinahusiana wapi? Maneno yanakwenda mbio, pa kuvutia pumzi hapaonekani, sauti inaruka kutoka chini kwenda juu na kurudi, na kuelekea mwisho kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, inahama huku wewe bado unatafuta ulipokuwa. Hata Wajapani wanauogopa. Aliyeuweka kwenye orodha ya wanaoanza hajawahi kumtazama msichana wa sauti nene akiuimba.

Mdogo wangu alipofika kwenye kiitikio sauti ikamkatika. Kwenye skrini kuna vile vistari vinavyoonyesha sauti inatakiwa ipite wapi. Vistari vikawa juu, yake iko chini, anapanda hafiki. Alivumilia mpaka mwisho. Kisha mashine ikatoa alama, na chini yake ikaandika wastani wa nchi nzima ili kila aliyemo chumbani alinganishe. Wale wenyeji wetu wakapiga makofi kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomuumiza zaidi. Akaweka maiki mezani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kumbe mimi sijui kuimba." Mtu aliyekuwa akifundisha wenzake sauti ya pili! Jioni ile hakuigusa tena maiki.

Nikashuka kaunta. Nilikwenda kwa adabu, kwa Kijapani cha heshima tunachofundishwa darasani, nikaeleza kwamba orodha yenu inawapeleka watu pabaya. Yule kijana hakuuliza hata tumeimba wimbo gani. Akatabasamu, akasema orodha inatoka kwenye mashine, si yao, halafu akaongeza kwamba wanawake wana sauti za juu, na kama rafiki yangu hawezi basi aimbe nyimbo za Kiingereza. Kiingereza! Nani amemwambia sisi tuna deni na Kiingereza? Nimekuja nchini kwao, najifunza lugha yao, nataka kuimba nyimbo zao, ananirudisha kwa Mwingereza.

Nieleze kitu ambacho yeye, kwa kazi yake, ndiye alitakiwa kutueleza. Nyimbo nyingi za pop za wanawake hapa zimetungwa kwa waimbaji wanaopanda juu sana huku wakiendelea kutoa sauti kutoka kifuani. Msichana wa kawaida hafiki huko, Mjapani au Mmatumbi. Kwa hiyo kwenye kishikwambi kuna sehemu ya kii, ya kujumlisha na kutoa. Ukibonyeza kutoa, muziki wote unashuka nusu sauti. Bonyeza mara mbili au tatu kabla ya kuanza, na wimbo uliokuwa unakukaba unakaa kooni vizuri. Alama nazo zinafuata kii uliyochagua, hupunguziwi kitu. Ila kila wimbo mpya unarudi kwenye kii yake ya mwanzo, kwa hiyo ubonyeze upya. Kuna pia melodi ya kukuongoza, unaweza kuipandisha ikusikike vizuri masikioni. Na zile alama zinazimwa! Zimeni, wadada, zimeni kabisa mkiwa na mgeni.

Wimbo rahisi ni ule ambao sehemu yake ya juu kabisa unaifikia bila kunyanyua kidevu, na mistari yake ina mahali pa kupumua. Aimyon ana sauti nene kidogo, ndiyo maana "Marigold" wake wa 2018 unawafaa wengi wetu: mwendo wa wastani, maneno hayabanani, na kila msichana chumbani anaujua kiitikio kwa hiyo ukikwama watakudaka. "Mirai e" wa Kiroro, wale wadada wawili wa Okinawa, ni wa 1998 lakini hauzeeki. Unakwenda taratibu, na ni wimbo kuhusu mama, hakuna atakayekucheka. Msiogope nyimbo za wanaume pia. Mwimbaji wa Spitz ana sauti nyembamba, na "Cherry" wao wa 1996 msichana wa sauti ya pili anauimba bila kugusa kii. Na mkiwa na wakubwa wa kazini, kuna ule wa Sakamoto Kyu wa 1961, "Ue o Muite Arukou", uliofika namba moja Marekani mwaka 1963 ukiwa kwa Kijapani hivyo hivyo. Ukiuanza tu, wazee wanaumalizia wenyewe.

Baadaye nilimpeleka mdogo wangu ukumbi mwingine. Alikuwa hataki, nilimbembeleza. Tukazima alama, tukashusha kii ya "Marigold" kidogo, akaimba. Akaimba vizuri mno, sauti imejaa chumba, mpaka yule mwenyeji wetu mmoja akaacha kula akawa anamtazama. Nilifurahi, na hapo hapo hasira yangu ikapanda upya kuliko siku ya kwanza. Kwa sababu ilikuwa ni kitufe tu! Kijana anasimama kaunta usiku kucha, anajua kitufe kipo, na mbele ya mteja aliyekwenda kuomba msaada anachagua kusema wanawake wana sauti za juu.

Kwa hiyo nne nimezifuta. Nilifikiria tatu, kwa vile orodha kweli haitungwi na ukumbi na spika zao ni nzuri kuliko za kule kwingine. Halafu nakumbuka uso wa binti wa watu alipoiweka ile maiki, nashuka mpaka moja. Na bado siwezi kuwaambia msiende: mchana wa siku za kazi bei yao iko chini, na pako karibu na stesheni. Nendeni. Ile orodha msiifungue, tafuteni wimbo kwa jina. Mkipata tatizo msimpigie yule wa usiku, ngojeni zamu ya mchana, kuna dada pale ambaye hupanda mwenyewe hadi chumbani na kukuonyesha pa kubonyeza.