Feni ya AC inayovuma namba nne tu: rezista ya kopi na ya mtumba

Kama feni ya gari yako imekufa namba moja, mbili na tatu, lakini ukiipeleka nne inavuma kama kawaida, usikubali kujaziwa gesi. Gesi haihusiki. Kilichoungua ni rezista, kidude kidogo tu kinachokaa karibu na mota ya feni, nyuma ya dashibodi upande wa abiria.

Nasema hivi kwa sababu fundi wa kwanza niliyempelekea hapa Chake Chake hakufungua hata skrubu moja. Alitia mkono kwenye tundu la hewa, akatikisa kichwa: gesi imekwisha. Imekwisha vipi, na nikiweka namba nne gari inapoa mpaka abiria wa nyuma wanalalamika? Nikamshukuru, nikaondoka.

Aliyenielekeza ni mpwa wangu aliyeko Kanada. Yake ilimfanyia vilevile, tena kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. "Mjomba, huku feni si ya raha. Isipopuliza, kioo cha mbele kinaganda na njia huioni." Kwao feni inapitisha hewa kwenye hita yenye maji ya moto ya injini, kwetu inaipitisha kwenye AC, lakini rezista kazi yake ni ileile: kupunguza umeme wa namba za chini. Namba ya mwisho umeme hauipitii, unakwenda kwenye mota moja kwa moja, ndiyo maana hiyo hubaki. Ikiwa feni imekufa namba zote, anzia fyuzi na relei. Ikiwa ukiigonga mota kidogo inashtuka na kuzunguka, basi kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimelika.

Fundi umeme wa pili alinifungia rezista mpya ya kopi, yaani ya kuiga, si ya kiwanda cha gari. Rahisi, haifiki hata nusu ya bei ya ile gesi. Ilifanya kazi vizuri, halafu ikaanza harufu ya plastiki inayoungua. Tulipoichomoa, soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na tundu moja limeyeyuka, kwa sababu pini za kopi zilikuwa zinacheza ndani yake. Nikaagiza ya mtumba kutoka Dar, ile iliyotoka kiwandani na gari, ikaja kwa boti. Hiyo ilikaa kwa kubana, na fundi akabadilisha soketi pamoja na kipande cha waya. Mpaka leo imetulia.

Ila kwa haki yake, ile kopi ilifungwa filta ya hewa ya ndani ya gari ikiwa imeziba. Rezista imewekwa ndani ya njia ya hewa makusudi, ipozwe na upepo wa feni yenyewe. Upepo ukipungua, inachemka. Kwenye filta yangu yalitoka majani ya mwembe na makonyo ya karafuu, wallahi ungeweza kuyaanika. Mwambieni fundi aitoe filta kwanza, kabla hajagusa waya.

Faida yake niliiona kwenye masika. Njia ya Wete, madirisha yamefungwa, watu wamelowa ndani ya gari: naweka namba mbili, AC imewashwa, ukungu wa kioo unaondoka na bado tunasikilizana. Namba moja mota ina mlio kidogo. Mota ya mtumba nimeshaiagiza.