Data za bure za LIGO (GWOSC), nimezitumia nikiwa Dodoma

Wakuu, mnaosoma fizikia hapo UDOM msidhani mawimbi ya graviti ni ya kuangalia Youtube tu, GWOSC (kituo cha mtandaoni cha data hizo) wanagawa bure data za LIGO, mitambo ya Marekani inayonasa mawimbi hayo. Faili moja la sekunde 4096 linakula MB mia na ushee, shusha na bando la usiku la sivyo utalia. Ukichora spektra (grafu ya nguvu ya kila masafa) unauona mstari wa 60 Hz umesimama kama mnara wa simu, ni umeme wa Marekani huo (wetu 50), unaufuta fasta. Shughuli ipo kwenye mngurumo hafifu wa nyuma, ule wa mawimbi kibao yaliyochanganyikana, maana dawa ya kuunasa ni kulinganisha mitambo miwili ya LIGO, Hanford na Livingston, iko mbali kama km 3,000, lori likipita huku kule halisikiki, ila radi za dunia nzima zinatikisa usumaku karibu na 8 Hz, 14, 20 na kuendelea, na zinaingia kote kwa pamoja, kelele inajifanya ishara. Hapo ndo nawakata nyota, faili la kawaida halina rekodi za magnetomita (vipima usumaku), sasa utaichujaje? 4 kati ya 5.