Shahamu ya Atora: pakiti inayobeba pudingi ya nyama na figo

Pudingi ya nyama na figo inayouzwa kwenye baa za Uingereza, yaani nyama iliyofunikwa kwa ganda la unga na kupikwa kwa mvuke, haitumii siagi katika ganda hilo. Ganda lake ni unga wa ngano na shahamu, yale mafuta meupe magumu yanayozunguka figo za ng'ombe. Atora, chapa ya shahamu ya pakiti iliyoanzia Manchester mwaka 1893, iliwaondolea wapishi wa nyumbani kazi ya kuyachambua, na mpaka leo kazi hiyo inaifanya vizuri.

Ndani ya pakiti mna punje fupi nyeupe, kama mchele, zilizopakwa unga. Huo unga ndio unaozuia punje zisigandane. Shahamu ya buchani ina ladha nzito zaidi, lakini lazima uivue utando wote, uigandishe kwenye friza, kisha uikune upesi ukiinyunyizia unga. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam hulainika mkononi na kuwa bonge.

Usibadilishe na siagi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, shahamu hungoja mpaka zaidi ya 45. Unga unapata nafasi ya kuumuka punje zikiwa bado nzima, na zikiyeyuka huacha matundu yanayolifanya ganda liwe jepesi.

Kipimo ni nusu kwa moja. Kwa bakuli la lita 1.2 chukua gramu 300 za unga unaojiumua, gramu 150 za shahamu na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kama una unga wa kawaida, tia vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda kwa kila gramu 150 za unga huo. Mimina maji baridi kidogo kidogo, mililita 180 hadi 200, ukichanganya kwa kisu cha mezani. Usisugue kwa vidole, utaziyeyusha punje. Wala usikande sana, ganda litakuwa gumu. Na unga ukishalowa umeanza kuumuka, kwa hiyo nyama iwe tayari kabla ya maji: gramu 600 za muundi zilizokatwa vipande vya sentimita 2, gramu 150 za figo zilizotolewa kile kiini cheupe (ukikiacha kitatafunika kama mpira), kitunguu, kijiko kikubwa cha unga, chumvi na pilipili manga.

Tenga robo ya donge kwa kifuniko. Lililobaki lisukume unene wa nusu sentimita, litandike kwenye bakuli lililopakwa siagi, jaza nyama mbichi na supu, ukiacha sentimita 2 juu. Weka kile kifuniko cha donge, kisha ufunike bakuli kwa karatasi ya kuokea na foili. Hizo zikunjwe mkunjo mmoja katikati ndipo zifungwe kwa uzi. Bila mkunjo huo pudingi haina pa kupandia. Ipike kwa mvuke saa 5, maji yakifika nusu ya bakuli. Wengi huharibu hapa: wanaongeza maji ya baridi, mvuke unakatika, ganda linatoka zito na la kunata. Ongeza yanayochemka tu.

Anayejali uchinjaji wa halali akague alama kwenye pakiti ya ng'ombe, au achukue ya mboga, yenye mafuta ya mawese na alizeti. Ganda huumuka sawa, ila ule utamu wa mafuta ya nyama haupo. Zote mbili zina ngano, asiyeivumilia asizitumie.

Kwenye pakiti ya gramu 200 utabakiwa na gramu 50. Zichanganye na gramu 100 za unga unaojiumua, chumvi na vijiko vikubwa 5 hivi vya maji, ufinyange madonge 8. Yaweke juu ya mchuzi wa nyama dakika 20 za mwisho, ufunike. Mchuzi utokote polepole, ukichemka kwa nguvu utayavunja, na ukifunua kabla ya wakati yatasinyaa.