Uzoefu wangu: filamu za majaribio na za ajabuajabu kwenye ukumbi wa sanaa wa mtaani, Kampala

Ukumbi ni nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa ya sanaa: viti vya plastiki kama hamsini, paa la bati, na ukuta mmoja mweupe ndio skrini. Jina naliacha, kwa sababu karibu kila kasoro nitakayoitaja inarekebishika kwa jioni moja. Kiingilio ni shilingi 10,000, na kwa ratiba ile hela haiumi. Unaweza kuanza na La Jetée ya mwaka 1962, dakika 28 za picha mnato karibu mwanzo mpaka mwisho, ukamalizia na filamu za mapigano za Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala.

Wanaochagua filamu wanaijua kazi. Wanaoziendesha bado.

Filamu nyingi za zamani zilipigwa kwa umbo la 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Projekta ya hapa imewekwa 16:9 na haiguswi, basi picha inavutwa kwa theluthi nzima: nyuso pana kama chapati, gurudumu la gari limekuwa yai. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ni kubonyeza herufi A mpaka gurudumu liwe duara tena; ikigoma, tatizo liko kwenye menyu ya projekta. Mapande meusi kushoto na kulia yaachwe yalivyo. Tena projekta inakaa kwenye meza fupi, pua imeinuliwa kwa vitabu, na picha inayotoka pana juu na nyembamba chini inanyooshwa kwa menyu. Kunyoosha huko kunakula pikseli, na maandishi madogo ndiyo yanayoumia kwanza. Afadhali ining'inizwe darini kichwa chini, kisha menyu igeuze picha.

Maandishi ya tafsiri ndiyo kero kubwa kuliko zote. Dakika ya tano yako sawa, ikifika saa nzima mtu anacheka na maneno ya kilio. Mwendeshaji hubonyeza G au H kuyasogeza, yanatulia kidogo, halafu yanapotea tena. Hayawezi kutulia: faili la maandishi liliandaliwa kwa fremu (picha mojamoja za filamu) 25 kwa sekunde na filamu inakwenda kwa 23.976, kwa hiyo pengo linakua kila dakika, na kwa saa moja linafika kama dakika mbili na nusu. Kinachotakiwa kubadilishwa ni kasi ya maandishi, nayo imo kwenye VLC hiyohiyo, sehemu ya kulinganisha sauti na maandishi. Kazi hiyo ifanywe mchana, kwa kuruka hadi katikati ya filamu na mwishoni. Kupima mwanzo peke yake hakusaidii kitu.

Sauti: ukisikia muziki unapasua na wazungumzaji wako mbali kama wamefungiwa stoo, faili ni la 5.1, yaani sauti ya spika sita, na spika ni mbili. Mazungumzo yamepelekwa kwenye spika ya katikati ambayo haipo. Wachague stereo. Mvua ikishuka kwenye bati, hakuna spika itakayoshindana nayo; miezi ya Machi hadi Mei ningepanga filamu bubu.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua kama dakika moja kuwaka, lakini taa ya projekta imezimika ikiwa na moto na haiwaki tena mpaka ipoe. UPS, betri ya akiba, ya projekta na laptopu tu ingeokoa dakika kumi za kukaa gizani. Na ratiba ikiandika saa kumi na mbili na nusu jioni, usihangaike na foleni: mapazia ni mepesi, na kabla ya saa moja usiku kupita, weusi kwenye skrini ni kijivu.

Jambo moja si la mzaha. The Flicker ya Tony Conrad, ya mwaka 1966, ni dakika 30 za fremu nyeusi na nyeupe zinazopishana, na yenyewe inaanza na onyo, maana mwanga ule unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Wanaochelewa kuingia hawalioni. Onyo litamkwe mlangoni, kwa Kiganda na Kiswahili. Na laptopu iwekwe kutoa 24Hz, yaani picha 24 kwa sekunde: ikiachwa kwenye 60, fremu moja inakaa mara mbili, inayofuata mara tatu, na filamu hii haina kitu kingine ila hayo mapigo.

Usiku wa VJ, mtu anayetafsiri na kusimulia filamu papo hapo, ndio wa kuupangia safari. Anakaa kando ya skrini na maikrofoni na miksa ndogo, mkono mmoja hauachi kitufe cha sauti ya filamu: anaishusha anapoanza kusema, anairudisha kabla ngumi haijatua. Wanaoona ni fujo ya kibandani wakumbuke kuwa filamu bubu za Japani zilikuwa na msimulizi wake, benshi, na watu walimfuata yeye. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana, mwongozaji wa Wakaliga, ya 2010, leo tunayo ikiwa na sauti ya VJ Emmie tu, kwa sababu faili la asili lilifutwa kompyuta ilipokosa nafasi. Hapa VJ huwekewa hata filamu fupi za majaribio zisizo na neno. Anazitafsiri hivyohivyo, Kiganda kikichanganyika na Kiswahili, na ukumbi mzima unamjibu. Kaa safu ya tatu, mbali na spika yake ya kushoto; inakwaruza.